Hodi Katikati ya Barabara

Anayesafiri kwa gari kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga au Moshi hufika Chalinze akiwa ameshaziacha nyuma Kibaha, Mlandizi na Vigwaza, na hapo njia zinaachana. Wa Morogoro wananyoosha. Wa kaskazini wanakata kulia. Maneno hayo, kata kulia, ni mepesi mdomoni. Abiria wa bajaji huyatamka bila kuinua macho kwenye simu yake. Lakini dereva aliyefika pale ana malori mbele yake yanayotoka Tunduma na Iringa yakiwa na makontena mgongoni, nyuma yake kuna basi lenye haraka zake, kushoto kwake pikipiki zinapenya, na yeye anatakiwa asimame katikati ya yote hayo, asubiri, kisha aivuke njia ya wenzake bila kumgusa mtu.

Vijiweni na kwenye maegesho ya malori, madereva husifiwa kwa mambo mengine. Husifiwa aliyeshuka mteremko wa Kitonga na mzigo mzito bila kuunguza breki, au aliyerudisha trela kinyumenyume hadi ndani ya geti jembamba kwa mkupuo mmoja, au aliyefika Mwanza kabla jua halijazama. Anayekata kulia vizuri hasifiwi na mtu. Pengine ni kwa sababu akiifanya kazi hiyo sawasawa hakuna kinachotokea: gari linaingia barabara ya pili, abiria anaendelea kusinzia, na hakuna hadithi ya kusimulia jioni. Hata hivyo, ukitaka kumpima dereva katika jambo moja tu, huenda hakuna kipimo kilicho bora kuliko hiki.

Ugumu wake unaanzia kwenye upande. Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia huendesha kushoto, desturi iliyorithiwa kwa Waingereza. Anayekata kushoto anabaki kwenye ukingo wake mwenyewe. Anayekata kulia hana budi kupita mbele ya wanaokuja. Wahandisi wa barabara wana njia yao ya kuihesabu hatari hiyo: wanachora njia panda ya pande nne, wanachora kila mwendo ambao gari linaweza kuufanya hapo, kisha wanahesabu mahali mistari inapokutana. Zinapatikana sehemu 32. Kati ya hizo, 16 ni za kukatana, yaani gari moja kupita mbele ya ubavu wa jingine, na mgongano wa hapo ndio unaoumiza zaidi. Katika hizo 16, ni 4 tu zinazotokana na magari yanayonyoosha. Zile 12 zilizobaki zote zina mtu anayekata kulia.

Kwa hiyo pale katikati dereva huyo ni mgeni. Wanaokuja wana haki ya kupita kwanza, na yeye anavuka uwanja wao. Mgeni aliyelelewa vizuri hubisha hodi, hungoja nje, na kimya cha wenyeji hakichukulii kuwa "karibu". Hata akikaribishwa, hujua ni nani aliyemkaribisha na katika chumba kipi. Ufundi wote wa kukata kulia umo katika adabu hiyo: kubisha mapema, kungoja mahali pake, na kutoingia kabla ya kuhakikisha kwamba kila mwenyeji amesikia.

Kubisha kwenyewe kuna kazi. Indiketa inayowashwa wakati gari limeshaanza kupinda haimsaidii mtu. Aliye nyuma ameshafanya uamuzi wake. Dereva makini huanza kwa kioo cha ndani na cha kulia ili ajue nani yuko nyuma na ana mwendo gani, kisha indiketa, kisha anapunguza mwendo taratibu huku akisogea karibu na mstari wa kati. Kusogea huko nako ni kusema. Gari lililokaa upande wa kulia wa njia yake, likiwa na nafasi kushoto kwake, limewaeleza wote nia yake hata taa ikiwa imeungua, na limewaachia wanaonyoosha mahali pa kupita badala ya kuwafungia.

Katika barabara kuu za Afrika Mashariki indiketa peke yake haitoshi, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa utulivu. Lori zito linalopanda kilima huwa na mazungumzo na gari lililo nyuma yake. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto, anasema mbele ni kweupe, pita. Akiwasha ya kulia, anasema ngoja, kuna gari linakuja. Usiku wapo wanaowasha ya kulia wanapopishana, ili anayekuja ajue ubavu wa gari unaishia wapi. Ni lugha ya ukarimu iliyotungwa na madereva wenyewe, na bila shaka imewaepusha wengi na mauti. Tatizo ni kwamba taa ile ile moja sasa inabeba maana tatu, na ya tatu ni ile ya kitabuni: ninakata kulia.

Fikiria basi lililoko nyuma ya lori la Fuso linalokwenda polepole. Indiketa ya kulia ya Fuso inawaka. Dereva wa basi anaelewa kuwa ameonywa, anangoja. Gari moja linakuja kutoka mbele, linapita. Barabara ni tupu. Kwa dereva wa basi, onyo limekwisha, naye anatoka ili apite. Kwa dereva wa Fuso, njia imefunguka, naye anakunja kuingia kituo cha mafuta. Wote wawili wamesoma taa ile ile, na kila mmoja ana hoja. Ajali ya namna hii haimhitaji mlevi wala mzembe. Inahitaji tu watu wawili ambao hawakuulizana.

Ndiyo maana madereva wazoefu wa malori huongeza ishara juu ya ishara. Hugusa breki mara kadhaa ili taa nyekundu za nyuma ziwake na kuzima. Hukaa wazi kwenye mstari wa kati. Wengine hutoa mkono wa kulia dirishani na kuunyoosha, ishara ya zamani kuliko indiketa za magari. Kitabu cha kwanza cha kanuni za barabarani cha Uingereza, kilichotolewa mwaka 1931, kilimfundisha hata mwendesha gari la farasi namna ya kuonyesha upande kwa mjeledi wake. Mkono ulionyooshwa nje ya dirisha una maana moja tu. Na kabla usukani haujazunguka, jicho hurudi tena kwenye kioo cha kulia, na shingo hugeuka kidogo kutazama pale kioo kisipofika, kwa kuwa bodaboda anaweza kuwa ameshafika hapo katika sekunde mbili zilizopita. Mwalimu mzuri wa udereva hutambulika kwa jinsi anavyolikazania tazamo hili la mwisho. Wanafunzi hulichukia kwa sababu huwafanya waonekane wanafunzi.

Kisha kuna kungoja.

Anayetazama kutoka nje huona gari limesimama. Ndani yake kazi ni nyingi. Kwanza tairi za mbele: zinatakiwa ziwe zimenyooka. Wengi huzikunja mapema kuelekea kulia ili nafasi ikipatikana waondoke upesi. Ni kosa dogo lenye adhabu kubwa, kwa sababu gari lililosimama katikati ya barabara linaweza kugongwa kutoka nyuma, na likigongwa huku tairi zimekunjwa, linasukumwa moja kwa moja mbele ya lori linalokuja. Tairi zikiwa zimenyooka, linasukumwa mbele katika njia yake. Mguu hubaki kwenye breki ili taa za nyuma ziendelee kuwaonya wengine. Gia imeshaingia namba moja. Macho hayatulii: mbele, kioo, mbele, barabara inayoingiwa, mbele tena.

Barabara inayoingiwa husahauliwa sana. Dereva anaweza kuipata nafasi nzuri ya kuvuka, akaitumia, halafu akakuta mdomo wa barabara ndogo umezibwa na mkokoteni wa machungwa au daladala linalopakia. Sasa amekwama huku nyuma ya gari lake ikiwa bado njiani kwa wanaokuja. Kwa hiyo hodi hupigwa pande mbili: kwa wanaokuja, na kwa huko anakokwenda.

Kuhusu ukubwa wa nafasi yenyewe, ipo hesabu inayofaa kujulikana. Kitabu cha usanifu wa barabara kinachotumiwa na wahandisi wa Marekani, ambako mkunjo wa hatari ni wa kushoto kwa kuwa huendesha kulia, humpa dereva wa gari dogo sekunde 5.5 za kuivuka njia moja ya wanaokuja. Lori la kawaida hupewa 6.5, na lenye trela 7.5. Zikiwa njia mbili, gari dogo huongezewa nusu sekunde. Zigeuze sekunde hizo kuwa mita, na barabara inaanza kusomeka. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kiwango cha juu kwenye maeneo ya makazi Tanzania, hutembea karibu mita 14 kila sekunde. Kwa sekunde 5.5 limekwenda mita 76. Kwa mwendo wa 80 ni mita 122. Kwa mwendo wa 100 ni zaidi ya mita 150. Dereva wa trela anayekata kulia mbele ya gari lenye mwendo wa 80 anahitaji kuliona likiwa mbali kwa mita zipatazo 167.

Hakuna anayezipiga hesabu hizi akiwa njiani. Jicho huzijifunza polepole, kwa kutazama magari yanayokuja na kuhesabu kimya kimya, moja na mbili na tatu, hadi yafike. Mwanafunzi anayesimamishwa kando ya barabara na kuambiwa ahesabu hivyo kwa nusu saa, bila kugusa usukani, anapata kitu ambacho mizunguko mingi uwanjani haiwezi kumpa.

Pikipiki huharibu hesabu hiyo. Kitu chembamba huonekana kiko mbali zaidi ya kilipo, na mwendo wake ni mgumu kukadiria, hasa kikiwa kinakuja moja kwa moja machoni. Mwaka 1981 mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza kwa kina katika eneo la Los Angeles. Karibu robo tatu ya ajali walizozisoma zilikuwa za pikipiki na gari, na katika theluthi mbili za hizo, mwenye gari ndiye aliyeingia njia ya mwenzake. Sura ya kawaida zaidi ilikuwa gari linalokata kushoto, yaani kulia kwa huku, mbele ya pikipiki inayokuja. Wengi wa wenye magari walisema hawakuiona, au waliiona wakiwa wamechelewa.  Katika miji ya bodaboda, dereva anayetafuta magari tu anapokata kulia ameutazama nusu tu ya mwendo wa barabara. Tena nguzo inayoshika kioo cha mbele, ile ya upande wa dereva, inatosha kumficha mwendesha pikipiki mzima pamoja na abiria wake. Madereva wazuri huinamisha kichwa mbele na nyuma kidogo ili waone kilichojificha nyuma ya nguzo hiyo. Ukimwona dereva anayumbisha kichwa hivyo pale makutano ya Mwenge, Dar es Salaam, ujue gari hilo lina mtu anayejua kazi.

Kuna mtego mwingine, na huu unatokana na wema. Katika foleni ya barabara ya Bagamoyo, dereva anayekuja kutoka mbele anasimama, anamulika taa, anapunga mkono: pita. Anayengoja anashukuru, anaondoka haraka ili asimcheleweshe mwenzake. Ila upande wa wanaokuja una leni mbili. Aliyempa njia amempa leni moja tu, ile iliyo yake. Leni ya pili haikuwahi kuwa ya kwake kuigawa, na hapo, nyuma ya gari lake refu, kuna pikipiki au bajaji inayokuja bila kujua kuwa kuna makubaliano yamefanyika. Anayekata kulia kwa ustadi hushukuru, husogea polepole hadi pua ya gari ichungulie leni ya pili, husimama tena ikibidi, ndipo anapomalizia. Honi zitapigwa. Zipigwe. Aliye nyuma anaona mgongo wa gari tu, haoni kilicho mbele yake, na kati ya mambo yote ambayo dereva wa aina hii amejifunza, kustahimili honi ya mtu asiyeona ndilo gumu zaidi.

Magari mawili yakikutana yote yakitaka kukata kulia, kila moja likitoka upande wake, kuna namna mbili za kupishana. La kwanza linaweza kupita nyuma ya la pili, kulia kwa kulia, na kila dereva akabaki akiiona barabara iliyo mbele. Au yanaweza kukunja mapema, kila moja mbele ya mwenzake, kushoto kwa kushoto. Kanuni za Uingereza hupendelea ile ya kwanza kwa kuwa ya pili humziba kila dereva macho asione anayekuja nyuma ya gari la mwenzake. Lakini michoro ya barabarani na ufinyu wa mahali mara nyingi hulazimisha ya pili, na hapo subira ya ziada inahitajika.

Mkunjo wenyewe, ukifika wakati wake, huchukua muda mfupi sana. Gari husogea mbele kwanza hadi mkabala na katikati ya barabara inayoingiwa, ndipo linapokunja, ili liingie upande wake wa kushoto bila kukwangua kona. Anayekwangua kona hukutana uso kwa uso na aliyesimama kwenye mdomo wa barabara hiyo akingoja kutoka. Kwa trela jambo hili ni zito zaidi, maana tairi za nyuma hazifuati njia ya tairi za mbele, hukata ndani. Dereva akikunja mapema, kichwa cha lori kitapita salama lakini trela litaburuta ubavu wa gari dogo lililotulia pale likisubiri zamu yake. Hivyo huenda mbele kuliko inavyoonekana kuwa lazima, na wasiojua hudhani amepitiliza.

Na kwenye mdomo huo huo wa barabara kuna waenda kwa miguu. Dereva ametumia nguvu zake zote kuwatazama wanaokuja. Akishawavuka hujisikia amemaliza. Hapo ndipo anapomkuta mtoto wa shule aliye nusu njia. Anayekata kulia kwa ustadi humhesabu mtoto yule kabla ya kuondoka katikati, na kama bado anavuka, anaiacha nafasi ipite.

Taa za barabarani zimerahisisha mambo kwa anayezielewa. Mshale wa kijani ni "karibu" iliyo rasmi. Duara la kijani lisilo na mshale si ruhusa ya kukata kulia mbele ya wanaokuja. Linamruhusu asogee katikati na kungoja. Trafiki akisimama katikati na kuongoza kwa mikono, taa hazina neno tena. Dar es Salaam iliongeza somo jingine mwezi Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi katika barabara ya Morogoro yakiwa na njia zao katikati kabisa. Anayekata kulia kutoka barabara hiyo sasa ana basi linaloweza kutokea mbele, na jingine linaloweza kutokea nyuma, upande ule ule wa kulia ambao zamani ulikuwa na magari ya kuja tu. Taa zimepangwa kuyatenganisha, na kuzipuuza hapo ni kujikabidhi kwa chombo kirefu kisichoweza kukwepa. Melbourne, jiji la Australia ambako pia huendesha kushoto, lina treni za mtaani zinazopita katikati ya barabara, na katika baadhi ya njia panda za mjini dereva anayetaka kwenda kulia huenda kwanza ukingoni kushoto, hungoja huko hadi taa za barabara anayoiingia ziwe za kijani, ndipo huvuka yote kwa mara moja. Mgeni huona maajabu. Wenyeji wanaona ni utaratibu.

Miji imetumia fedha nyingi ili mkunjo huu usifanyike kabisa, au ufanyike mahali patulivu zaidi. Kipilefti kidogo cha njia moja kinazipunguza zile sehemu 32 kuwa 8, kwa kuwa kila anayeingia anaingia kwa kushoto, na tangu mwaka 1966 Uingereza ilipoagiza kwamba anayeingia ampishe aliyeko ndani, kanuni hiyo imesambaa. Daraja la Mfugale pale Tazara, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2018, limeinua barabara ya Nyerere juu ya Mandela. Ubungo, daraja la Kijazi la mwaka 2021 lina ngazi tatu. Katika barabara ya Thika, Nairobi, iliyokamilika kupanuliwa mwaka 2012, anayetaka kwenda ng'ambo huendelea mbele hadi panapogeukiwa, kisha hurudi. Huko Marekani kampuni ya UPS hupanga njia za magari yake kwa programu ya kompyuta inayokwepa mikunjo ya kushoto kila inapowezekana, ili kupunguza ajali na mafuta yanayoungua gari likingoja. Dereva wa teksi anayeijua Kariakoo hufanya hivyo bila kompyuta: badala ya kukata kulia penye msongamano, anapiga kushoto tatu, anazunguka mtaa, na anatokea pale pale alipotaka akiwa ananyoosha. Uamuzi wa kutokata kulia hapa, bali kule mbele penye mshale, nao ni sehemu ya ufundi.

Jaribio gumu kuliko yote linawangoja madereva wa malori ya Tanzania wanaovuka daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera, kuingia Rwanda. Huko huendesha kulia. Mkunjo mwepesi sasa ni wa kulia, na ule wa kubisha hodi umehamia kushoto, wakati usukani wa lori umebaki kulia kama ulivyotoka Dar es Salaam. Dereva aliyezoea kukaa jirani na mstari wa kati na kuiona barabara yote sasa amekaa ukingoni, na upana wote wa kichwa cha lori uko kati yake na wanaokuja. Likitangulia lori jingine, haoni kilicho mbele ya hilo. Akitaka kukata kushoto, aliye karibu na mstari wa kati ni utingo. Mwenye utingo makini humpa kazi hiyo kabla hawajavuka mpaka: atazame mbele na kioo cha kushoto, aseme anachokiona na umbali wake, pikipiki zitajwe kwanza, na asiseme "pita" mpaka awe ametazama pande zote mbili mara ya pili.